Muuza Vitambaa wa Delft na Mashahidi Wanane



Muhula uliopita, baada ya darsa la Alhamisi, nilibishana na ndugu mmoja anayesoma baiolojia. Alidai kwamba watu wa sayansi hawakubali jambo mpaka waone kwa macho, na sisi wa Masomo ya Kiislamu kazi yetu ni kuhesabu fulani kapokea kwa fulani. Nilikosa jibu. Nikaenda maktaba kumtafuta mtu wa kwanza kuviona vijidudu, nami nikakuta kisa chake kimesimama juu ya mashahidi.

Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa Delft, Uholanzi, mwaka 1632. Baba yake, msusi wa vikapu, alifariki yeye angali mdogo. Akiwa na miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa, akarudi kwao, akaoa, akafungua duka. Baadaye mji ulimpa kazi ya kutunza ukumbi wa maofisa wake. Chuo kikuu hakukanyaga, na Kilatini, lugha ya wanazuoni wa Ulaya wa wakati ule, hakukijua. Kati ya watoto wake watano alibaki Maria peke yake.

Hadubini zake alizitengeneza mwenyewe: kilenzi kimoja kidogo mno kati ya vibati viwili vya chuma, ukikisogeza karibu kabisa na jicho. Iliyo bora kati ya zilizobaki hukuza zaidi ya mara 250.

Mwaka 1674 alichota maji ya ziwa moja karibu na mji wake, Berkelse Mere. Wenyeji waliamini kwamba ukijani wake wa kiangazi huletwa na umande. Yeye aliona nyuzi za kijani zilizojiviringa, na katikati yake viumbe vidogo vikienda huku na huku. Mwaka 1676 alitaka kujua kwa nini pilipili manga inawasha. Alidhani labda ina vijimiiba. Akailoweka majini kiasi cha wiki tatu. Miiba hakuiona, bali aliona viumbe vidogo kuliko vyote alivyowahi kuviona. Leo tunaviita bakteria.

Aliwaandikia Royal Society ya London kwa Kidachi chake. Hawakumwamini, na mimi siwalaumu: mpokezi ni mmoja, hana shahada, na habari yenyewe ni ngeni. Basi mwaka 1677 akatuma shahada za watu wanane waliotazama kwa vyombo vyake, wakiwemo wachungaji wa kanisa na mtu wa kuthibitisha hati za kisheria. Yaani walitafutwa watu wanaojulikana kwa uadilifu. Lakini aliyesoma Mustalah atauliza: wote hawa si wamepitia njia moja? Ndivyo walivyouliza London pia. Robert Hooke alijaribu, akashindwa, akarekebisha hadubini yake, na Novemba mwaka huohuo akaviona ndani ya maji ya pilipili, na wenzake wakatazama. Kwa lugha yetu hiyo ni mutabaa, njia ya pili inayoitia nguvu ya kwanza. Mwaka 1680 muuza vitambaa akafanywa mwanachama.

Mwaka huo huo alifanya jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Alitia pilipili iliyopondwa na maji ya mvua ndani ya kijibomba cha kioo, akakiziba kwa moto hewa isiingie. Alipokivunja ncha siku chache baadaye, maji yalisukumwa nje kwa nguvu, na ndani mlikuwa na viumbe hai. Alistaajabu, kwani kila mtu alijua kwamba pasipo hewa hapana uhai. Mwaka 1913 Beijerinck, Mholanzi mwenzake, alirudia jaribio hilo akakuta bakteria wasiohitaji oksijeni. Mimi nimekulia kando ya Ziwa Kivu. Chini kabisa ya ziwa lile hamna oksijeni, na humo arkea, viumbe vinavyofanana na bakteria kwa umbo lakini vilivyotengwa kuwa kundi lao tangu 1977, hutengeneza methani. Rwanda inaitumia gesi hiyo kuzalisha umeme.

Sasa kasoro yake. Aliandika barua karibu 190 kwa Royal Society, na mwaka 1698 hata mfalme wa Urusi, Peter, alitazama kwa hadubini zake. Lakini njia yake bora ya kutazama aliificha na hakufundisha mwanafunzi. Alifariki mwaka 1723 akiwa na miaka 90, na kwa muda wa karne nzima elimu ya bakteria ilisogea kidogo sana. Maria alipeleka London hadubini 26 za fedha kama alivyousiwa. Baadaye zikapotea. Mwaka 2021 watafiti waliichunguza ile yenye nguvu zaidi kwa miale, bila kuifungua, wakakuta kilenzi cha tufe la kioo kilichoyeyushwa, njia ambayo Hooke alikuwa ameieleza kitabuni.

Sisi tumefundishwa uzito wa kuficha elimu, na hapo simtetei. Ndugu yangu wa baiolojia anasema mwenye duka ana haki ya siri ya kazi yake. Hatujakubaliana. Likizo hii nitamletea chupa ya tope la Kivu, naye ameahidi kunionyesha kilichomo.