Andre the Giant: Kabla Useme Mechi Yake na Hogan Ni Mbovu, Soma Hii

Kuna ubishi mmoja kwa base hauishangi. Msee anatoa simu, anaweka mechi ya Hulk Hogan na Andre the Giant ya WrestleMania III, na dakika tatu hazijaisha mwingine ashasema hiyo ni takataka. Eti huyu jamaa mkubwa amesimama tu kama mlingoti wa stima. Anashikilia kamba. Anakumbatia Hogan hadi watazamaji wanasinzia. Halafu anabebwa, anabwagwa, refa anahesabu tatu, kwisha.

Mimi nacheki mieleka ya zamani kuliko hii ya siku hizi, na kwa huo ubishi niko upande wa Andre. Sio eti mechi ni tamu. Si tamu. Lakini ukijua huo mwili ulikuwa umefika wapi siku hiyo, hutaicheki tena na macho yale ya kwanza. Shida ya wasee wengi ni kuanzia hapo 1987. Hiyo ni kama kufika matanga halafu unauliza mbona marehemu haongei. Turudi nyuma kiasi.

Jina lake kamili ni André René Roussimoff. Alizaliwa tarehe 19 Mei 1946 huko Coulommiers, Ufaransa, akalelewa Molien, kijiji kidogo cha wakulima mashariki ya Paris. Wazazi wake walikuwa wahamiaji, buda asili yake Bulgaria na mathee asili yake Poland. Shule aliacha mapema akaingia shamba na mbuyu wake, na hapo ndio watu walianza kuona kitu haiko sawa. Huyu boy alikuwa anakua na hakuna siku anasimama.

Hiyo ni ugonjwa wa homoni. Kuna tezi ndogo sana chini ya ubongo, kazi yake ni kutoa homoni ya kukua. Kwa wengi wetu inafika mahali inatulia. Kwa Andre ilibaki kama bomba mtu amesahau kufunga. Mikono, miguu, taya, paji la uso, vyote vinazidi kupanuka hata ukiwa mtu mzima. Kwa ulingo hiyo inakaa kama zawadi. Lakini viungo vinasagika, na moyo pia unapanuka na unachoka mapema.

Akiwa kijana aliingia Paris kutafuta riziki. Mchana anabeba samani za watu wakihama nyumba, usiku anafunzwa mieleka. Katikati ya miaka ya 60 akaanza kupanda ulingoni, na mapromota wakampa jina la Géant Ferré, kutoka kwa mkulima wa hadithi za zamani za Ufaransa, jamaa mwenye nguvu za ajabu aliyepiga Waingereza. Mwaka wa 1970 akafika Japan akiitwa Monster Roussimoff. Baadaye kidogo akahamia Montreal, Kanada, na huko akawa Jean Ferré.

Sasa hapa ndio nataka utulie. Tafuta video zake za hiyo miaka ya kwanza ya 70. Hata zile za mawimbi mawimbi, zimechujuka hadi sura hazionekani poa. Utaona msee mrefu, sio mnene, miguu myembamba kiasi, anatembea haraka, anaruka, anapiga mtu kifuani na miguu miwili akiwa hewani. Anacheka na fani. Anakimbia kwa kamba na kurudi. Ukimuona hivo mara ya kwanza unaweza dhani wamekosea jina la video. Kwangu hiyo ndio raha kubwa ya kucheki mieleka ya zamani: unakutana na mtu kabla hajageuzwa sanamu yake mwenyewe.

Aliyemgeuza ni Vince McMahon mzee, baba ya huyu Vince mnamjua. Montreal biashara ilikuwa imeanza kupoa. Ukishaona jitu likishinda kila wiki, na hakuna mtu wa saizi yake wa kumpiga, mwishowe unazoea na unabaki na pesa yako mfukoni. McMahon mzee akamchukua mwaka wa 1973, akampa jina la Andre the Giant, akampeleka Madison Square Garden, New York. Halafu akafanya mambo mawili ya akili. Kwanza, akamwambia aache kurukaruka. Jitu haliruki, jitu linasimama na wengine ndio wanaanguka. Pili, akawa anamkopesha kwa mapromota wengine. Enzi hizo Marekani ilikuwa imegawanywa kimaeneo, kila promota na kwake. Andre anaingia eneo lako siku chache, ukumbi unajaa, anatoka kabla watu wamzoee. Kama nyama ya Krisi, tamu kwa sababu si ya kila siku.

Hiyo ilimaanisha maisha ya barabara na ndege mwaka mzima. Texas wiki hii, Japan wiki ijayo. Na hapa fikiria kidogo: msee wa futi 7 na inchi 4, hizo ni hesabu za matangazo na zilikuwa zimeongezwa chumvi, lakini hata ukitoa chumvi bado ni mlima, ameketi kwa kiti cha ndege masaa zaidi ya kumi. Choo cha ndege hawezi kuingia. Kitanda cha hoteli hakimtoshi. Simu za enzi hizo, zile za kuzungusha namba na kidole, kidole chake hakiingii. Sisi tukikaa kiti cha nyuma kwa mat ya watu kumi na wanne tunalia hadi tunashuka.

Ndio maana stori za pombe zake sizichekelei sana. Kuna watu wanasimulia alimaliza chupa zaidi ya mia moja za bia kwa kikao kimoja. Weka hiyo pale na stori zingine za walevi. Lakini waliofanya kazi naye wanakubaliana kwa kitu kimoja, kwamba alikuwa anakunywa pia kuzima maumivu. Na hakuwa malaika. Bad News Allen, mwanamieleka mweusi aliyekuwa ameshinda shaba ya judo kwa Olimpiki ya 1976, alisimulia venye Andre alitoa maneno ya ubaguzi kwa basi huko Japan. Allen akasimamisha basi, akashuka, akamwita chini wamalizane. Andre hakushuka. Baadaye akaomba msamaha. Fani wa Andre wengi wanairuka hii, na kuiruka ni kosa.

Juni 1976, usiku ule ule Muhammad Ali alikuwa Tokyo na Antonio Inoki kwa ile mechi ya ajabu ya bondia na mwanamieleka, Andre alikuwa Shea Stadium, New York, na bondia Chuck Wepner. Akambeba, akamrusha juu ya kamba hadi nje. Mwaka huo huo akatokea kwa TV kama Bigfoot kwa The Six Million Dollar Man. Hapo jina lilikuwa limeshika dunia.

Lakini kama una bundles za mechi moja tu leo, nenda Tokyo, tarehe 23 Septemba 1981, Andre na Stan Hansen. Hansen ni Mmarekani wa Texas, mzito, haoni vizuri bila miwani, na anapiga kama mtu ameibiwa. Hawa wawili hawakuwa wanapigana. Walikuwa wanagongana kama malori. Andre ana miaka 35, tayari mzito, tayari anapunguza mwendo, lakini bado mwili unamtii. Hansen anambeba na kumbwaga chini, na uwanja mzima unashika moto. Hakuna maringo wala muziki mrefu wa kuingia. Ukitoka hapo ukaambiwa mieleka ya zamani ni polepole, utabaki unacheka tu.

Na si umesikia, Hansen alimbwaga 1981. Hogan mwenyewe, wakati bado ni adui, alimbeba huko Shea Stadium 1980. Canek alimshinda Mexico 1984. Inoki akamfanya asalimu amri Japan 1986. Kumbuka hizo, tutazihitaji.

Ugonjwa alikuwa ashaambiwa. Madaktari walimweleza kilichokuwa kinamkuza, na kwamba kuna operesheni ya kujaribu kuisimamisha. Akakataa. Mtu anaweza kumwita mjinga. Mimi sijui kama ningeweza kukubali kukatwa kitu ndio kinanilisha, kinachofanya watu waimbe jina langu kutoka Sapporo hadi New York.

Ilipofika 1986, mgongo ulikatika bei. Mwaka huo akafanyiwa operesheni ya uti wa mgongo, na mwaka huo huo akaigiza The Princess Bride huko Uingereza. Kwa hiyo filamu yeye ndiye jitu lenye nguvu kuliko wote, lakini nyuma ya kamera hakuweza kubeba hata binti mwembamba anayeangukia mikononi mwake. Ilibidi wamshikilie huyo dada na nyaya.

Vince mdogo, ambaye sasa alikuwa ameshika biashara ya babake na anaivamia Marekani yote, alihitaji mechi kubwa kuliko zote. Akamshawishi Andre arudi. Ndio tukapata ile stori: Hogan anapewa kombe kubwa kwa kukaa bingwa miaka mitatu, Andre anapewa kadogo kwa kutoshindwa miaka kumi na tano. Andre anageuka. Anakuja na Bobby Heenan, meneja fitina kuliko wote, anataka mkanda, anamrarulia Hogan shati na mkufu wa msalaba. Steringi na rafiki yake wa zamani. Kutoshindwa miaka kumi na tano? Umesoma hapo juu. Lakini hakukuwa na YouTube, ungemuuliza nani wa Mexico?

Tarehe 29 Machi 1987, Pontiac Silverdome, Michigan. WWF walitangaza watu 93,173, wengine walisema walikuwa karibu 78,000. Vyovyote vile ni bahari ya vichwa. Sasa icheki tena, ukijua. Chini ya ile nguo nyeusi ya bega moja kuna mkanda wa kushikilia mgongo. Angalia mikono. Kila akipata nafasi mkono mmoja uko kwa kamba, hiyo ndio fimbo yake ya kutembelea. Angalia mwanzo kabisa, Hogan anajaribu kumbeba, anashindwa, Andre anamwangukia. Na lile kumbatio refu watu wanalitukana: yeye hawezi kukimbia, hawezi kuruka, kwa hivyo anafanya kile mwili umebaki nacho na bado anakaa hatari. Dakika kama kumi na mbili. Halafu anajiachilia abebwe.

Hapo ndio mimi nasimamanga. Andre hakuna mtu angemlazimisha kuanguka. Hogan aliingia ulingoni bila uhakika kamili kama mzee atakubali, na alisimulia hiyo miaka mingi baadaye. Alikubali. Mgongo umekatwa juzi, na anaruhusu mtu amuinue hewani ambwage chali mbele ya dunia, ili huyo mwingine awe mkubwa kumliko. Usiku huo Randy Savage na Ricky Steamboat walipiga mechi tamu mara kumi, hiyo sibishi. Lakini ya kwao unaisifu. Hii nyingine inakukaa kifuani.

Baada ya hapo ni mteremko. Februari 1988 akamshinda Hogan kwa njama ya refa feki, watu milioni 33 wakitazama kwa TV Marekani, akamkabidhi Ted DiBiase mkanda. Mechi za 1989 na Ultimate Warrior sikushauri, zinaisha ndani ya sekunde na zinauma roho. Wakamuunganisha na Haku wakawa mabingwa wa wawili wawili. WrestleMania VI, Toronto, 1 Aprili 1990, walipoteza mikanda na Andre hakuingia ulingoni kama mpiganaji halali hata mara moja. Alisimama nje ya kamba, Haku akafanya kazi yote. Heenan akamzaba kofi la lawama, Andre akamrudishia, uwanja ukalipuka. Bado walimpenda.

Miaka ya mwisho alirudi Japan, akicheza upande mmoja na Giant Baba, jitu lingine lililozeeka. Zilikuwa mechi za utani, za wazee, polepole kabisa, na Wajapani wanapiga makofi kwa heshima. Ya mwisho ilikuwa Tokyo, 4 Desemba 1992. Wiki chache baadaye mbuyu wake akaaga. Andre akarudi Ufaransa kumzika, na mwisho wa Januari 1993 moyo wake ukasimama akiwa amelala kwa hoteli Paris. Miaka 46. Majivu yake yalimwagwa kwa ranchi yake huko Ellerbe, North Carolina. Mwaka huo WWF ilianzisha ukumbi wake wa mashujaa na yeye ndiye wa kwanza kuingizwa, peke yake.

Na kama ushawahi vaa kofia ya OBEY ya mtumba, ile ya Toi ama Gikomba, na ile sura nzito inayokukodolea macho: ni yeye. Mwanafunzi wa sanaa, Shepard Fairey, alitengeneza stika ya uso wa Andre mwaka wa 1989, akaanza kuibandika mitaani Marekani, na baadaye ikageuka kuwa nguo. Andre bado alikuwa hai wakati huo, anasimama nje ya kamba, ameshikilia.