Joginder Singh: Simba ambaye si wa Msimbazi

Ukitaja Simba pale Bariadi, kila mtu anawaza Msimbazi. Lakini yupo Simba mwingine aliyetikisa Afrika Mashariki bila kugusa mpira. Huyo ni Joginder Singh, 'Simba wa Kenya', dereva wa Safari Rally.

Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia kwenye spana na grisi za gereji ya baba yake. Mwaka 1958 akawa fundi wa doria wa chama cha magari cha Afrika Mashariki, kazi yake kuwanasua walioharibikiwa njiani. Mwaka uliofuata akaingia mashindanoni.

Enzi hizo Safari ilipigwa wakati wa Pasaka, mvua zikimwagika, ikipita Kenya, Uganda na Tanzania. Mtu wa Simiyu hahitaji kusimuliwa udongo mweusi wa mbuga ukilowa unakuwaje. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, tairi zinajichimbia kaburi. Ukibana breki ghafla, uko mtaroni.

Leo baadhi ya magari ya mbio za robo maili yana kompyuta ya kuondokea. Fundi anapanga kiwango cha mzunguko wa injini, dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho, breki zinalishikilia gari. Zikiachiwa tu, linafyatuka bila tairi kusota ovyo. Joginder hakuwa na mtambo huo. Kompyuta yake ilikuwa mguu wa kulia, na sikio la fundi linalojua injini inalia nini.

Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 ya mtumba. Timu za viwanda zilikuja na magari mapya na mafundi kibao. Ubingwa ukaenda kwa mtumba.

Mwaka 1974 akarudi na Mitsubishi Lancer, akamwacha Björn Waldegård na Porsche yake nafasi ya pili. Mwaka 1976 akabeba tena, safari hii Lancer zikizoa nafasi zote tatu za juu. Akawa dereva wa kwanza kulitwaa taji hilo mara tatu.

Lakini namba inayomweleza zaidi ni nyingine: alianza Safari mara 22, akamaliza mara 19, kwenye mbio ambazo wengi waliishia kwenye tope.

Alifariki London Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Kasi wengi walikuwa nayo. Simba huyu alijua kulifikisha gari nyumbani.