Magnus Johnson: Mkulima aliyechekwa kwa lafudhi akaingia Seneti

WALIOMDHARAU walidhani lafudhi yake nzito ya Kiswidi na mikono yake iliyosugulika kwa jembe ingemzuia kuvuka lango la siasa. Lakini wakulima wa jimbo la Minnesota, Marekani, walimtazama Magnus Johnson wakajiona wenyewe, nao wakampa kura zao.

Johnson alizaliwa Septemba 19, 1871, katika mkoa wa Värmland nchini Uswidi, karibu na mji wa Karlstad. Alilelewa katika familia ya watu wa kawaida na akiwa bado kijana alifanya kazi ya kupuliza vioo. Baadaye, ngurumo ya sauti yake ilipokuwa ikitikisa mikutano ya hadhara, watu walisema kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomkomaza mapafu.

Mnamo 1891, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alifunga safari hadi Marekani kama walivyofanya maelfu ya Waswidi wa kizazi chake waliokimbia uhaba wa ardhi na kazi. Alitua La Crosse, jimboni Wisconsin, akawa mkata miti msituni. Baada ya miaka michache alihamia Kaunti ya Meeker, Minnesota, akapata shamba na kuanza kulima na kufuga ng'ombe wa maziwa.

Ni shambani humo ambapo siasa ilimkuta. Wakulima wa ngano wa eneo hilo walikuwa na lalamiko moja kuu. Walitoa jasho msimu mzima, lakini siku ya kuuza nafaka, aliyepima uzani, aliyeamua daraja la ngano na aliyetaja bei alikuwa mnunuzi. Wafanyabiashara waliodhibiti soko la nafaka la Minneapolis, pamoja na wenye maghala na reli, walifaidi zaidi ya mlimaji.

Johnson aliamini kwamba dawa ya dhuluma hiyo ni umoja. Alijiunga na chama cha wakulima kilichoitwa American Society of Equity, akawa rais wa tawi lake la Minnesota kuanzia 1911 hadi 1914. Vilevile alikuwa makamu wa rais wa Equity Cooperative Exchange, shirika la ushirika lililojaribu kuuza ngano ya wakulima bila kupitia kwa madalali. Kijijini, alikuwa tayari amehudumu kama karani wa shule na mkadiriaji wa kodi.

Mwaka wa 1915 aliingia katika Bunge la jimbo la Minnesota. Alihudumu katika Baraza la Wawakilishi hadi 1919, kisha akawa seneta wa jimbo hadi 1923. Miaka hiyo haikuwa rahisi. Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza mnamo 1917, viongozi wa vuguvugu la wakulima walishukiwa kuwa wasaliti, na mikutano yao mingi ilipigwa marufuku. Vita vilipokwisha, bei ya nafaka iliporomoka na wengi wakazama katika madeni.

Hasira hiyo ndiyo iliyokipa nguvu chama kipya cha Farmer-Labor, kilichounganisha wakulima na wafanyakazi wa mijini. Mnamo 1922 Johnson aliwania ugavana kwa tiketi ya chama hicho, akashindwa na J.A.O. Preus kwa takriban kura 14,000.

Hakukata tamaa. Aprili 1923 Seneta Knute Nelson alifariki, na uchaguzi mdogo ukaitishwa Julai mwaka huo. Wapinzani wakawa wale wale: Preus, gavana msomi, na Johnson, mfugaji wa ng'ombe. Safari hii mkulima alimbwaga gavana kwa pengo kubwa, akaelekea Washington.

Katika mji mkuu, magazeti yalimgeuza kitu cha mzaha. Yaliandika kuhusu matamshi na mavazi yake kuliko hoja zake. Naye hakuona haya kwa asili yake, kiasi cha kushindana hadharani kukamua ng'ombe na Waziri wa Kilimo, Henry Wallace. Lakini kicheko si kura. Mnamo 1924 alishindwa na Thomas Schall, na Machi 1925 muhula wake ukamalizika. Alijaribu tena ugavana mwaka wa 1926, akaambulia patupu.

Mdororo mkubwa wa uchumi ulimrejesha. Katika uchaguzi wa 1932 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la taifa, akahudumu kuanzia 1933 hadi 1935. Alipopoteza kiti hicho, alipewa kazi ya kusimamia masoko ya mifugo jimboni.

Johnson alifariki Septemba 13, 1936, mjini Litchfield, siku sita kabla ya kutimiza umri wa miaka 65. Alizikwa Dassel, katika kaunti ile ile alikolima.

Chama chake kiliungana na Democratic mnamo 1944. Hata hivyo, hadi leo tawi la Democratic jimboni Minnesota bado linabeba jina la wakulima na wafanyakazi, kumbukumbu ya enzi ambapo mtu aliyetoka zizini alithubutu kumkabili gavana, na akamshinda.