Joseph Conrad, baharia aliyefika Kisangani mwaka 1890 na kuandika hadithi bila kutaja jina la mahali

Tarehe 1 Septemba 1890, mashua ndogo ya moshi iliyoitwa Roi des Belges ilifika Stanley Falls, pale ulipo leo mji wa Kisangani, jimboni Tshopo. Ndani yake alikuwemo baharia wa miaka 32, Mpolandi kwa asili na raia wa Uingereza kwa karatasi, aliyekuwa akijifunza mto kando ya nahodha wa mashua. Wakati huo hakuwa amechapisha kitabu hata kimoja. Miaka tisa baadaye safari hiyo iligeuka kuwa hadithi ambayo hadi leo walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu wanaigombania.

Joseph Conrad alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 huko Berdychiv, katika Ukraine ya leo, kwa jina la Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Nchi ya wazazi wake ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Baba yake, mshairi na mtafsiri, alipelekwa uhamishoni pamoja na familia yake kwa sababu ya siasa. Mama alifariki mwaka 1865, baba mwaka 1869, na mtoto akabaki mikononi mwa mjomba. Mwaka 1874 alikwenda Marseille kuanza kazi ya bahari, kisha akahamia meli za Uingereza, na mwaka 1886 akapata cheti cha unahodha. Kiingereza, lugha aliyokuja kuandikia vitabu vyake vyote, kilikuwa lugha yake ya tatu baada ya Kipolandi na Kifaransa.

Mwaka 1890 alisaini mkataba wa miaka mitatu na kompani ya Ubelgiji iliyofanya biashara kwenye mto Congo, enzi za Dola Huru la mfalme Léopold wa Pili. Kutoka Matadi hadi Kinshasa alitembea kwa miguu zaidi ya mwezi mmoja, maana reli ilikuwa bado inajengwa. Katika daftari lake dogo aliandika majina kama Mpozo, Inkisi na Manyanga, hali ya hewa, mbu, na maiti alizoziona njiani. Mashua aliyoahidiwa kuiongoza aliikuta imeharibika. Ndipo akapanda Roi des Belges kuelekea Kisangani, na safari hiyo ya kupanda mto ilichukua karibu mwezi mmoja.

Wakati wa kurudi, mashua ilimbeba Georges-Antoine Klein, mfanyakazi wa kompani aliyekuwa mgonjwa sana. Klein alifariki njiani. Conrad mwenyewe alishikwa na homa na kuhara damu, akagombana na mkubwa wake wa Kinshasa, na kabla mwaka haujaisha mkataba ulikuwa umekufa. Afya yake haikurudi tena kama zamani.

Hadithi yenyewe ilitoka mwaka 1899 katika gazeti la Blackwood's, kisha mwaka 1902 ndani ya kitabu. Wasomaji wa Kifaransa wanaijua kama Au cœur des ténèbres. Klein akawa Kurtz: katika maandishi ya kwanza ya mkono, jina la Klein bado lilikuwemo.

Namna Conrad alivyoisuka hadithi hiyo ni rahisi kuielewa kwa mtu yeyote aliyesafiri kwenye mto. Mto ndio unaopanga matukio. Kuna kituo cha chini, kituo cha kati na kituo cha ndani, na baharia Marlow hawezi kuruka hata kimoja. Mashua ikizama, hadithi inasimama. Ukungu ukishuka, watu wanangoja, na hofu inakua. Safari ya karibu mwezi mmoja ameirefusha kuwa miezi miwili, kwa sababu Kurtz anatakiwa kuwa mbali. Kama angefikiwa haraka, kusingebaki fumbo lolote. Mahali na matukio yamefungwa pamoja kiasi kwamba ukiondoa mto, hadithi yote inaanguka.

Lakini ili mambo yaende hivyo, Conrad aliondoa vitu vingi alivyoviona. Jina la Congo halimo kitabuni, wala Matadi, wala Kinshasa. Stanley Falls aliyoifikia haikuwa nyumba moja iliyochakaa katikati ya msitu. Ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu. Tangu mwaka 1887 ilikuwa na gavana Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyewekwa na Léopold mwenyewe, na ambaye aliondoka kurudi kwao miezi michache tu kabla ya Conrad kufika. Watu wa pwani na wa Maniema walikuwa hapo, na Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara. Pia kulikuwa na utumwa na vita, tusisahau. Katika hadithi, Wazanzibari wanapita kidogo tu kwenye njia ya miguu, halafu mji wote unatoweka. Wakaaji wa mtoni wamebaki kelele, mikono na macho vichakani, na maneno wanayopewa kusema ni machache mno.

Haikuwa kwamba alishindwa kujenga mahali. Mwaka 1904 alitoa Nostromo, inayopita katika nchi ya kubuni ya Amerika Kusini, bara ambalo alikuwa ameliona kwa muda mfupi tu ujanani. Nchi hiyo isiyokuwepo aliipa bandari, mgodi wa fedha, vyama vya siasa na historia yake. Congo, aliyoitembea kwa miguu, haikupata hivyo.

Mwaka 1975, mwandishi wa Nigeria Chinua Achebe alilisema jambo hili wazi katika mhadhara wake Amherst, Marekani. Kwake, Afrika ilikuwa imegeuzwa pazia la nyuma la jukwaa ili Mzungu mmoja apoteze akili mbele yake. Wanaomtetea Conrad wanajibu kwamba kitabu hicho kilifichua ukatili wa biashara ya Léopold mapema, wakati wengi Ulaya walikuwa bado wanausifu. Majibu hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, ila la pili halifuti la kwanza.

Mwaka 1979 mtengeneza filamu Francis Ford Coppola aliichukua hadithi hiyo na kuipeleka kwenye vita vya Vietnam. Alibadili nchi, watu na karne. Mto aliubakiza.

Conrad hakurudi tena Congo. Alifariki nyumbani kwake karibu na Canterbury, Uingereza, tarehe 3 Agosti 1924, akiwa na miaka 66. Kwenye jiwe la kaburi lake, jina Teodor limechongwa kwa makosa.