Askofu Mkuu Munzihirwa wa Bukavu

Mji wa Bukavu umejengwa kusini ya Ziwa Kivu, juu ya rasi ziingiazo majini kama vidole vya mkono. Mjini humo ipo njia panda iitwayo Nyawera. Hapo ndipo alipouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, tarehe 29 Oktoba 1996. Watu wengi wanajua jinsi alivyokufa. Lakini yafaa kujua pia jinsi alivyoishi, maana kifo chake kilifanana na maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1926 upande wa Burhale, katika nchi ya Bushi. Alisoma katika seminari kubwa ya Nyakibanda, Rwanda, akapewa upadre mwaka 1958. Mwaka 1963 aliingia Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti. Wakubwa wake walimpeleka Ubelgiji kuongeza masomo. Aliporudi Kinshasa alipewa kazi ya kuwalea vijana wa shirika hilo.

Mwaka 1971 lilitokea jambo zito. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium walitaka kuwakumbuka wenzao waliouawa na askari tarehe 4 Juni 1969. Rais Mobutu alikasirika sana. Akaamuru wanafunzi waingizwe jeshini kwa nguvu. Basi vijana waliokuwa wakiwalilia wenzao waliopigwa risasi na askari, wakavikwa wenyewe nguo za askari. Ilikuwa taabu kubwa ya moyo. Kukataa amri ni hatari, na kutii kunaumiza dhamiri. Je, siku wakiamriwa kuwapiga ndugu zao, wangefanya nini?

Miongoni mwao walikuwamo vijana Wajesuiti. Padre Munzihirwa hakuitwa. Alikuwa mtu mzima wa miaka 45 hivi, naye angeweza kubaki nyumbani na kuwaombea. Lakini aliona haifai mlezi abaki raha wakati watoto wake wako taabuni. Akaomba kwa hiari yake aandikwe askari pamoja nao. Hakwenda kwa kupenda vita, bali kwa kuwapenda vijana wale.

Baadaye aliongoza Wajesuiti wa Afrika ya Kati. Mwaka 1986 alifanywa askofu katika jimbo la Kasongo, na mwaka 1994 akawa Askofu Mkuu wa Bukavu.

Mwaka huo huo yalitokea mauaji ya kimbari katika Rwanda. Watutsi wengi mno waliuawa. Serikali iliyoongoza mauaji hayo iliposhindwa vitani, watu maelfu kwa maelfu walivuka mpaka na kuingia Kivu. Walikuwamo wazee, akina mama na watoto wasio na kosa. Walikuwamo pia askari walioshindwa, na watu wenye damu mikononi mwao. Askofu Mkuu aliomba wenye hatia wapelekwe mbele ya mahakimu, na wasio na hatia wasiadhibiwe kwa dhambi ya wengine. Aliwakemea pia askari wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, walipowaonea raia. Kwa maneno hayo alijipatia maadui.

Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu. Askari wa serikali, waliopaswa kuwalinda watu, waliwanyang'anya mali zao, kisha wakakimbia. Wakubwa wa mji nao waliondoka. Munzihirwa angeweza kuondoka pia, lakini alibaki. Aliwatuma watu habari kwamba wasikate tamaa, na wasiache kusaidiana.

Jioni ya tarehe 29 gari lake lilisimamishwa Nyawera na askari wa upande ulioushambulia mji. Husimuliwa kwamba alishuka na msalaba wake mkononi, akawaendea. Hakuwa na bunduki. Wakamwua papo hapo, na baadhi ya waliofuatana naye wakauawa pia. Usiku ule maiti yake ililala njiani. Kesho yake iliokotwa, akazikwa penye Kanisa Kuu la Bukavu.

Mwaka 2016, baada ya miaka 20, Kanisa la Bukavu lilianza kuchunguza habari za maisha yake, ili siku moja aweze kutangazwa mwenye heri.

Bunduki haiui peke yake. Mkono wa mtu ndio unaoifyatua, na moyo wa mtu ndio unaouamuru mkono. Askari naye ana dhamiri, na siku ya hukumu hatajibiwa mahali pake na mkubwa aliyempa amri. Munzihirwa alivaa nguo za askari ili asiwaache vijana wake. Miaka 25 baadaye alikabili askari ili asiwaache watu wake. Mara zote mbili njia ya kujiepusha ilikuwa wazi mbele yake, naye hakuifuata.