Charles Babbage: Aliyefufuliwa na Michoro Yake

Mpenzi msomaji, hebu toa mkobani kile kitabu chako cha majedwali ya hesabati. Kifungue popote. Utaona safu juu ya safu za tarakimu, nawe huzitilii shaka hata kidogo. Mwalimu akisema tutafute logi ya namba fulani, unapeleka kidole, unaandika, unaendelea. Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyezikokotoa tarakimu hizo? Na je, kama alikosea?

Swali hilo la pili ndilo lililomnyima usingizi Mwingereza mmoja kwa miaka mingi. Jina lake ni Charles Babbage, na wengi humwita baba wa tarakilishi, au kompyuta kama tunavyozoea kusema. Ajabu ni kwamba baba huyu alikufa bila kumwona mwanawe. Kati ya mashine kubwa alizozibuni, hakumaliza hata moja. Watu wakamhesabu kuwa ni mtu aliyeshindwa. Basi alitetewa na nani? Alitetewa na vyuma vikuukuu na makaratasi yaliyowekwa vizuri.

Babbage alizaliwa London tarehe 26 Desemba mwaka 1791. Babake, Benjamin, alikuwa mtu wa benki na mwenye mali, kwa hivyo kijana hakujua dhiki. Mwaka 1810 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko aliona kwamba hesabati iliyofundishwa ilikuwa imepitwa na wakati. Hakukaa kunung'unika tu. Mwaka 1812 yeye na wenzake, wakiwemo John Herschel na George Peacock, waliunda chama cha wanafunzi cha kuleta mbinu mpya za hesabati kutoka bara Ulaya. Naam, chama cha wanafunzi, kama hiki chetu! Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba vyama vya shule ni vya kupoteza wakati.

Mwaka 1814 alimwoa Georgiana Whitmore, wakajaliwa watoto wanane. Lakini dunia haina huruma. Wengi wa watoto hao walikufa wadogo, na mwaka 1827 ulikuwa wa msiba juu ya msiba: alifiwa na babake, mtoto wake na mkewe. Alisafiri Ulaya kwa muda ili apoze moyo. Aliporudi mwaka 1828 alikuwa ameteuliwa kuwa profesa wa hesabati Cambridge, cheo alichowahi kukishika Isaac Newton.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1821 Babbage na rafikiye Herschel walikuwa wakikagua majedwali ya elimu ya nyota. Yalikuwa yamekokotolewa na watu kwa mkono, na kila walipolinganisha waliona kosa hapa, kosa pale. Jambo hili halikuwa mchezo. Mabaharia walitumia majedwali kama hayo kujua walipo baharini, na tarakimu moja mbovu ingeweza kuipeleka merikebu mwambani. Babbage akatamani hesabu hizo zingefanywa na mashine inayoendeshwa kwa mvuke, isiyochoka wala kusinzia.

Alianza kubuni Mashine ya Tofauti. Siri yake ni rahisi, na hata wewe unaweza kuijaribu. Zidisha 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3, na kuendelea. Utapata 1, 4, 9, 16, 25. Tafuta tofauti kati ya kila namba na inayofuata: 3, 5, 7, 9. Tafuta tofauti za hizo tena: 2, 2, 2. Umeona? Sasa geuza mambo. Ukiwa na ile 2 unaweza kujumlisha kurudi juu na kupata namba zote za kwanza bila kuzidisha tena. Na kujumlisha ni kazi ambayo magurudumu yenye meno yanaiweza. Tena Babbage alitaka mashine hiyohiyo ichape majibu, maana makosa mengi yaliingia wakati wa kunakili na kupanga herufi za chapa.

Serikali ya Uingereza ilipendezwa, ikaanza kutoa fedha mwaka 1823. Babbage akamwajiri fundi hodari, Joseph Clement. Mashine nzima ilihitaji sehemu zipatazo 25,000, na nyingi zilipaswa kufanana kabisa. Siku hizo hakukuwa na viwanda vya kutengeneza vitu vya aina hiyo kwa wingi. Mwaka 1832 walifaulu kuunganisha kipande kimoja tu, kama sehemu moja ya saba ya upande wa kukokotoa. Kilifanya kazi vizuri. Babbage alikiweka nyumbani kwake na kuwaonyesha wageni. Mmoja wa wageni hao alikuwa Ada, binti wa mshairi Byron, aliyekiona mwaka 1833 akiwa na umri wa miaka 17.

Mwaka huohuo mambo yakaharibika. Babbage na Clement waligombana juu ya malipo na kuhamisha karakana. Clement akaacha kazi na kuondoka na vifaa vyake, maana kwa desturi ya mafundi wa wakati ule vifaa vilikuwa mali ya fundi. Na badala ya kutafuta njia ya kumaliza mashine ya kwanza, Babbage akapata wazo jipya! Kuanzia mwaka 1834 alibuni Mashine ya Uchanganuzi, ambayo ingefanya hesabu za kila aina kwa kufuata maagizo ya kadi zenye matundu, kama zile za mitambo ya kufumia vitambaa. Ilikuwa na ghala la kuweka namba na kinu cha kuzikokotoa. Si unaona? Hata kompyuta za leo zina pahali pa kuweka na pahali pa kukokotoa. Ada, ambaye sasa alijulikana kama Lady Lovelace, alichapisha maelezo marefu juu yake mwaka 1843.

Lakini wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Serikali ilikuwa imetumia zaidi ya pauni 17,000, pesa ambazo zingeweza kununua magarimoshi zaidi ya 20, na haikuwa na mashine. Mwaka 1842 ikajitoa. Babbage alikwenda kumwona Waziri Mkuu Robert Peel, mazungumzo yakaishia kwa hasira. Tuseme ukweli jameni, mzee huyu hakuwa na ulimi wa kuombea. Aliwagombeza wakubwa na wadogo, hata wapiga muziki wa barabarani waliomsumbua nyumbani kwake.

Hata hivyo hakukata tamaa. Kati ya mwaka 1847 na 1849 alichora Mashine ya Tofauti ya Pili, nyepesi kuliko ya kwanza, yenye sehemu zipatazo 8,000 pamoja na kichapishi chake. Serikali ikaikataa pia. Babbage aliikunja michoro yake, akaiweka. Alifariki London tarehe 18 Oktoba 1871, akikaribia miaka 80.

Hapa ndipo wasifu mwingi huishia. Wa Babbage, kumbe, ulikuwa nusu tu!

Mwanawe Henry, aliyekuwa mwanajeshi India, alirithi karakana na michoro. Vyuma vingi vilivyobaki vilipelekwa kuyeyushwa, jambo la kusikitisha. Lakini Henry aliokoa baadhi, akaviunganisha kuwa vipande vidogo vya maonyesho na kuvigawa kwa vyuo. Kimoja kilifika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Katika miaka ya 1930 Howard Aiken, aliyekuwa akipanga kuunda mashine kubwa ya kukokotoa, alikikuta huko, akatiwa moyo na kazi ya Babbage. Kile kipande cha 1832, pamoja na michoro, kiliishia katika Makumbusho ya Sayansi mjini London.

Miaka ikapita. Wengi waliamini kwamba Babbage alishindwa kwa sababu mafundi wa zama zake hawangeweza kutengeneza vyuma kwa vipimo alivyotaka. Je, ni kweli, ama alikosa tu pesa na subira? Allan Bromley, msomi kutoka Australia, aliichunguza michoro hiyo kwa makini akaona kwamba mashine ya pili inaweza kujengwa. Mwaka 1985 makumbusho, chini ya Doron Swade, yakaanza mpango wa kuijenga kabla ya kutimia miaka 200 tangu Babbage azaliwe.

Wangeweza kutumia ufundi wote wa kisasa, lakini hiyo ingekuwa udanganyifu. Walipima vile vyuma vya kale vilivyohifadhiwa ili wajue karakana za wakati wa Babbage zilifikia usahihi gani, kisha wakajizuia wasiupite. Katika michoro walikuta makosa machache wakayarekebisha bila kugeuza wazo la mwenyewe. Mashine ilikwama mara kwa mara, wakaifungua na kuirekebisha. Mwaka 1991 upande wa kukokotoa ulikamilika: sehemu 4,000, uzito wa tani 2.6. Wakauzungusha mkono wake, na majibu yakatoka sahihi, yenye tarakimu 31. Kichapishi kilikamilika mwaka 2002, na mashine nzima ikafikia tani tano hivi.

Kwa hivyo mzee alikuwa sahihi! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alikuwa na makosa yake ya hasira na kurukaruka kutoka wazo hadi wazo, lakini mashine yake haikuwa ndoto ya mchana.

Nasi tujifunze nini, ndugu zangu? Mashine hiyo isingejengwa kama michoro ingetumiwa kuwashia moto. Na kama vyuma vyote vingeyeyushwa, nani angejua vipimo vya mafundi wale? Watu husema kitu kikiharibika ni takataka. Hebu tazama katika stoo za shule na majumbani kwetu: taipureta, redio za zamani, kompyuta zilizozimika. Kabla ya kuviuza kwa kilo, tuviandikie karatasi inayosema ni nini, kilinunuliwa lini, kilifanya kazi gani, na tukitunze kitabu cha maelezo yake. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Pengine fundi wa kukifufua hajazaliwa bado.