HENRY CLIFTON SORBY, MTU ALIYECHUNGULIA NDANI YA CHUMA

Haya ni maisha ya Mwingereza mmoja ambaye wataalamu wa vyuma wote wanafuata njia yake mpaka leo.

Sorby alizaliwa tarehe 10 Mei 1826 karibu na Sheffield, mji wa watengenezaji wa visu. Jamaa yake walikuwa wa kazi hiyo hiyo. Baba yake alikufa mwaka 1847, akamwachia mali ya kutosha. Angeweza kukaa tu na kuila. Lakini hapana! Hakuoa, hakuingia universite. Alikaa na mama yake, akatengeneza labo nyumbani, akaanza kazi.

Kwanza alichunguza mawe. Alikata jiwe, akalisugua hata likawa jembamba sana, mwangaza ukapita ndani yake, halafu akalitazama kwa mikroskopi. Wengine walimcheka: nani anachunguza mlima kwa mikroskopi?

Kisha akageukia vimondo vya chuma vinavyoanguka toka mbinguni, na chuma cha mji wake. Hapa kulikuwa shida. Chuma hakipitishi mwangaza. Tena ukikisugua kwa nguvu unaharibu uso wake, na ukikingarisha vizuri unaona kioo tu. Basi mwaka 1863 alifanya hivi: alisugua polepole, kila mara kwa unga laini zaidi, hata mikwaruzo ikaisha. Kisha akatia asidi ya nitriki yenye maji mengi. Asidi haili fasi zote sawasawa. Fasi zingine inazila upesi, zingine kidogo tu. Akaangaza kutoka juu, na chembe za chuma zikaonekana wazi.

Mwaka 1864 alionyesha picha zake kwa wataalamu mjini Bath. Hawakujali. Baadaye alikumbuka kwamba siku zile, reli ikivunjika na treni ikianguka, mtu kusema tuitazame kwa mikroskopi angehesabiwa kuwa mwenda wazimu. Maisha ya abiria yalikuwa ndani ya chuma kile, na hakuna aliyetaka kuchungulia.

Sorby hakugombana na mtu. Alingoja zaidi ya miaka 20. Kisha akarudi na mikroskopi yenye kukuza mara 650, akaona kwamba fasi zenye kungaa kama lulu ni tabaka nyembamba za chuma laini na za kitu kigumu, zimepangana. Safari hii watu walisikia. Alikufa tarehe 9 Machi 1908.

Na leo? Kuna mchanganyiko wa nikeli na titani, ambao Mwamerika William Buehler alianza kuuchunguza mwaka 1959. Waya wake ukiukunja ukiwa baridi, kisha ukiutia moto kidogo, unarudia umbo lake la kwanza. Waganga wa meno wanautumia kunyoosha meno. Kuona siri yake, wataalamu wanasugua, wanangarisha, wanatia asidi, sawa na Sorby. Lakini titani ni ngumu kuliwa, kwa hiyo wanaongeza asidi ya floridriki, ambayo inapenya ngozi mpaka mfupani. Hiyo mwanafunzi asiiguse kamwe.

Wenzetu, tusione kusugua polepole ni kazi ya bure. Anayeharakisha anaona mikwaruzo yake mwenyewe, na anadhani ameona chuma.